Maji ya Sabuni

Tangu augue homa kali, Bi Mwatime hasikii harufu ya kitu chochote, na hajamwambia mtu. Kila asubuhi hupaka maji ya sabuni kwenye mpira wa gesi. Yasipotoa mapovu, huwasha jiko.

Leo hayakutoa. Alipotoa kijiti cha kiberiti, mke wa mwanawe, Zamda, aliingia mbio akamdaka mkono.

“Mama, gesi imejaa humu. Huisikii?”

“Naisikia. Nilikuwa natafuta inakotokea.”

Zamda aliufunga mtungi wa akiba uliokuwa ukivuja pembeni, akaacha mlango wazi. Kisha akakitazama kile kijiti. Alichukua kitu kabatini, akakifumbata, akamsogezea puani.

“Nimeshika nini, mama?”

Bi Mwatime akavuta pumzi, akavuta tena, macho kwenye ngumi iliyofumbwa.