Taa Iliyomwona Okumu

Malori ya Jogoo Road yalisimama yote kwa pamoja, na Okumu, kwa mazoea, akashuka kwenye baiskeli yake kupisha msafara wa mkubwa fulani wa serikali.

Alingoja king'ora. Kimya. Juu ya mlingoti mpya iliwaka taa ya kijani yenye umbo la baiskeli.

"Mzee, unangoja nani?" akauliza mama wa mandazi kando ya barabara. "Hiyo taa iko na kamera. Ikiona baiskeli, inasimamisha magari. Imekuona wewe."

Okumu aligeuka nyuma. Hapakuwa na mwingine.

Kovu la mguuni, aliloachiwa na lori papa hapa, likaanza kumwasha. Akapanda tena, akavuka polepole, na malori yote yakamngoja.