Kidonda cha Wembe

Wembe ulimkata Waisiko kidevuni, na kidonda kikakataa kupona. Kilikauka juu, kikafunguka tena, kikaanza kutoa maji. Mwezi ukaisha kikiwa bado kibichi.

Waisiko hakumwambia mtu. Alijifunga shuka shingoni, akaivuta mpaka mdomoni, akaenda kukamua ng'ombe hivyo hivyo. Watu wa kijiji chao cha Itiryo hawakushangaa. Walishazoea kumwona akipita pembeni ya njia, amejifunika hata jua likiwa kali, anaitikia salamu bila kusimama.

Alikuwa na sababu ya kuwakwepa. Ndoa yake ya kwanza ilikaa miaka mingi bila mtoto, mpaka kifo kikaivunja. Mila ya Wakurya ina njia yake kwa nyumba iliyokosa mtoto, na Waisiko aliifuata: alitoa ng'ombe, akamwoa Mokami, binti wa kijiji cha Susuni ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. Watoto wakazaliwa, wazuri, wenye afya. Kila mtu alijua kwamba damu yao ilitoka kwa Simioni, jirani ambaye Waisiko mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango.

Hilo lisingekuwa neno. Lakini siku moja kilabuni mlevi alipaza sauti akisema Waisiko si mwanaume wala si mwanamke. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Waisiko aliweka kibuyu chini, akaondoka, na tangu siku hiyo hakukaa tena kwenye mkusanyiko, iwe harusi au matanga.

Mokami ndiye aliyeona mambo mengine. Aliona maji ya kunywa yanavyoisha mtungini. Aliona safari za chooni zisizokwisha, na jinsi Waisiko alivyokanyaga kaa la moto jikoni asilisikie.

"Kesho tunaenda Tarime mjini," alisema.

"Kwa kidonda kidogo hivi?"

"Kwa kidonda, na kiu, na miguu iliyokufa ganzi. Ukianguka, watoto hawa nitawalea na nani?"

Walipanda bodaboda mpaka kliniki moja kule Turwa, pembeni mwa mji. Daktari, Agustina, alikuwa kijana, mzaliwa wa Sirari, naye Mkurya. Alimwamkia Waisiko shikamoo, kisha akamtazama Mokami.

"Na huyu ni nani wako?"

"Mke wangu."

Daktari aliitikia kwa kichwa, akaandika. Alimchoma Waisiko kidole, akatia damu kwenye kipimo. Namba ilipotokea aliisoma mara mbili.

"Ni kisukari, na kimekaa muda mrefu. Ndiyo maana kidonda hakifungi. Ulikipataje?"

Waisiko alitazama sakafu. "Kwa kunyoa," alisema, sauti ikifia ndani ya shuka.

"Samahani, sijasikia."

"Ananyoa," Mokami akamjibia. "Kila alfajiri, nyuma ya zizi, kabla hatujaamka."

Waisiko aligeuka kama aliyepigwa kofi. "Ulijua?"

"Wembe mpya ulikuwa unaukuta pale kwenye ufa wa ukuta. Ulidhani nani anauweka?"

Waisiko alivuta shuka mpaka machoni. Miaka yote hiyo aliamini amejificha vizuri. Sasa alitamani ardhi ya Turwa ipasuke immeze.

Daktari hakucheka. Aliuliza taratibu, swali moja baada ya jingine. Ananyoa tangu lini? Tangu ujanani. Ana watoto wangapi? Watatu. Wa kuwazaa mwenyewe?

Waisiko alimtazama muuguzi aliyekuwa akipanga vyupa mpaka akatoka mwenyewe chumbani.

"Sina hata mmoja," alisema.

Daktari alimpa dawa za sukari, akamsafisha kidonda, kisha akachukua damu nyingine ya kupeleka Mwanza. Alitaka kujua viwango vya homoni na vya vitamini.

Siku za kusubiri majibu Waisiko hakula vizuri. Kisukari hakikumtisha sana. Wazee wengi wanacho. Alichoogopa ni ile karatasi ya Mwanza. Aliona kama maneno ya yule mlevi yanakwenda kupigwa muhuri.

"Sirudi kule," alimwambia Mokami siku ya kwenda ilipofika.

"Basi nitakwenda mwenyewe, nisomewe mimi."

Waisiko akavaa viatu.

Agustina alikuwa amekwisha kuyasoma majibu walipoingia. Alifunga mlango, akavuta kiti karibu.

"Nianze na dogo. Vitamini D yako iko chini sana. Watu wenye upungufu huo tunawaona wakipata kisukari zaidi kuliko wengine, ingawa hatujui bado kama ndiyo inayokileta. Jua unalipata?"

"Natembea nimejifunika."

"Kwa nini?"

Waisiko alitazama mlango. Mokami alimshika mkono, naye hakuutoa.

"Kuna jingine," alisema Waisiko. "Nalijua. Liseme tu, daktari. Nina kasoro gani?"

"Ni homoni ya kiume. Kila mtu anayo, na ina kiwango chake. Ikitoka kwenye kiwango hicho, kisukari kinapata njia ya kuingia, na mara nyingi mtoto naye hapatikani. Ni ugonjwa. Hukujiletea."

Waisiko alikuwa ameinama, paji la uso likikaribia magoti.

"Kwa wanaume," daktari akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "hatari huja homoni hiyo ikipungua. Kwa wanawake ni ikizidi: ndevu huota, mimba haishiki, mpaka wengine huku kwetu wanaoa mke wa kuwazalia. Yako imezidi, mama."