Kijitu Chenye Kofia

"Nani kaniozesha?"

Mpiga chapa aliingia na karatasi mbichi, wino bado unang'aa, akaibwaga mezani kwa mchongaji wa vibao vya kuchapia picha. Dada wa watu akasukuma penseli yake nyuma ya sikio la kulia, pale inapokaa siku zote, akajitia kutazama.

Ilikuwa picha ya takwimu za ndoa, ya kubandikwa sokoni, ili hata asiyejua kusoma tarakimu aone mji unavyoishi. Kila kijitu kilisimama badala ya watu elfu. Juu makapera, chini waume na wake zao.

"Vijitu havina sura, kaka. Umejuaje ni wewe?"

"Kofia iliyolalia upande hivi, mwingine nani anayo? Huko mitamboni wameshaanza kuniita baba watoto! Mimi kapera, leo nimeoa mstari mzima!"

"Patasi iliteleza."

"Iliteleza ikachonga kofia?"

Dada akainamia meza. Miezi mingi alikuwa akimtazama kaka huyu kupitia dirishani, na hajawahi kumwambia neno zaidi ya "wino umekolea". Sasa mkono umempayukia, tena kwenye picha ya kwenda sokoni, mbele ya mji mzima.

"Basi usipige kelele," akanong'ona. "Mkuu akisikia nimechezea takwimu, nimekwisha."

"Mkuu nimeshamwambia. Kuna kosa, hatuchapi mpaka lirekebishwe."

Dada akavuta kibao, akashika patasi. "Naikwangua kofia sasa hivi. Atakuwa mume wa yeyote, wewe utabaki na ukapera wako."

"Kofia usiiguse."

"Si ndiyo kosa lenyewe?"

"Wewe dada, nani kakufundisha kazi?" Alikuwa amekunja uso kama hakimu. "Kibao kikipigwa chapa, cha kulia hutokea kushoto. Hilo hata anayefagia humu analijua."

"Nalijua na mimi! Kofia si nimeigeuza? Imelala upande wako uleule."

"Yangu umeikumbuka, ndiyo." Kidole chake cheusi kwa wino kikaiacha kofia, kikasogea taratibu hadi kwa kijitu cha kike kilichosimama ubavuni, penseli nyuma ya sikio la kushoto. "Lakini hapa umejisahau. Mke wangu penseli huiweka sikio la kulia."