Kadi ya Baba Mkwe

Mkono wa mzee ulizama kwenye mfuko wa shati, na mkamwana wake akabana pumzi. Mzee alikuwa refa mstaafu. Hata mdahalo wa wagombea urais aliutazama akiwa na kadi zake. Nyumba nzima ilikuwa na mgombea mmoja. Mkamwana peke yake alimpenda mpinzani, mama mfupi mwenye sauti ya upole, na aliogopa kujulikana.

Mgombea wao alikuwa ameulizwa kuhusu dawa hospitalini, akaishia kucheka ufupi wa yule mama.

Kadi nyekundu, iliyochakaa pembe, ikaelekea kwenye televisheni.

"Mzee, huyo si wetu huyo?" mama mkwe akamaka.

"Kaacha mpira, kacheza mguu. Nje!" Akamgeukia mkamwana. "Na wewe mwanangu, mbona kimya? Wako nani?"

Mkamwana akashusha pumzi, akamtaja.