Ubatizo wa Marehemu Baba

"Mama, nimembatiza baba."

Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Mkono wake ukasimama. Mumewe alifariki mwaka wa mvua za El Nino, akaswaliwa na kuzikwa kwenye makaburi ya Waislamu ya Kikowani.

"Maiti hubatizwa vipi?"

Shukri, mwanawe aliyeingia kanisa la Wamormoni, ndiyo kwanza arudi kutoka hekalu lao la Johannesburg.

"Nilizamishwa majini mimi, kwa jina lake."

Chembe za nazi zilimganda mama vidoleni. Hakuzifuta.

"Kwa hiyo babako sasa ni wa kanisa lenu?"

"La, mama. Amefunguliwa mlango tu. Akitaka ataingia, asipotaka atakataa."

"Nawe utajuaje kama amekataa?"

Shukri aliinamisha kichwa. "Sitajua."

Mama aliinuka, akavuta buibui lake.

"Siku ya maziko nilibaki nyumbani na wanawake wenzangu. Leo nakwenda mwenyewe. Vaa viatu, ukamwambie pale kaburini ulilomfanyia, nami nikisikia."