Uzi Usio na Ncha

"Baiolojia ni somo la macho, mwanangu," alisema Mwalimu Mkuu Shekilindi. "Michoro utaionaje? Chukua Historia."

Sikudhani, asiyeona tangu kuzaliwa, hakubishana. Alitoa mkobani vitu viwili alivyovitengeneza kwa mikono yake, akavipapasa kuhakikisha viko sawa, akaviweka mezani.

Cha kwanza kilikuwa kifuko cha kitambaa. Ndani yake mlikuwa na nyuzi, kila uzi umezungushwa kwenye shanga, shanga baada ya shanga.

"Hii ni seli ya mtu," alisema. "Uzi ni DNA. Ni mrefu mno, ndiyo maana umeviringwa kwenye protini, ukafungiwa humo kifukoni, ndani ya kiini. Kila uzi una ncha mbili. Zishike, mwalimu."

Mwalimu Mkuu alizishika. "Haya. Na hicho kingine?"

Kilikuwa kikopo cha mafuta ya kujipaka. Mlikuwa na uzi mmoja tu, umejikunjakunja bila kufungiwa kifukoni.

"Bakteria. Yeye hana kiini. Huu nao nitafutie ncha zake. Ila naomba ufumbe macho, tuwe sawa."

Kisha Sikudhani akasikia miwani ikiwekwa mezani, na uzi ukianza kupita taratibu vidoleni mwa yule mzee. Ukapita, ukazunguka, ukapita tena. Akakunja mikono kifuani, akangoja.

"Nakaribia kuipata," alisema Mwalimu Mkuu.

Uzi ukaendelea kupita.