Mateka Aliyepiga Magoti

Herminia alitaka gemu ya vita ya kucheza peke yake, yenye hadithi, kwenye mashine aliyoiacha marehemu mwanawe. Ya kwanza aliijaribu katika duka la gemu mjini Medellín, Kolombia, akaisukuma kando. Ilikuwa milipuko mitupu. Katika ya pili, mateka alikuwa amepiga magoti, jasho likimtiririka shingoni.

"Mpige risasi basi, mama," muuzaji alisema. "Usipompiga, hadithi haisongi."

"Mimi nataka kumwachia."

"Haiwezekani! Kamanda kaamuru, wewe fyatua tu."

Kidole cha Herminia kiliganda juu ya kitufe. "Hivyo hivyo," alifoka, "ndivyo alivyojitetea mahakamani askari aliyemuua mwanangu!"

Muuzaji akanyoosha mkono aizime.

"Koma! Usiguse! Nifungie hii hii, nainunua. Nyumbani kwangu mateka huyu hafi."